Globu Inayokula Kidogo na Kuangaza Sana

  Natumaini kila mmoja wenu ana daftari na kalamu, kwa kuwa leo tutafanya hesabu. Mwalimu wa darasa, kama unazo globu mbili za umeme, moja ya zamani na moja ya LED, ziweke mezani pamoja na maboksi yake, watu wote wazione. Kama huna, si neno, tutaeleza.

Leo tutazungumza juu ya taa. Labda mmoja wenu atauliza, "Taa nayo yahitaji somo? Si kubonyeza swichi tu?" Ni kweli, kubonyeza swichi hakuhitaji somo. Lakini kulipia umeme kunahitaji hesabu, na kununua globu kunahitaji kusoma. Mtu asiyejua kusoma yale yaliyoandikwa kwenye boksi huchukua kile anachopewa na mwenye duka. Ninyi sasa mnajua kusoma. Basi leo tutautumia ujuzi huo kuokoa fedha za nyumbani.

GLOBU YA ZAMANI

Itazameni globu ya zamani. Ndani ya kioo mnaona waya mwembamba sana. Waya huo ni wa madini yaitwayo tangsteni. Umeme ukipita ndani yake, waya hupata moto mkali, kiasi cha nyuzi 2,500 za joto, nao hung'aa. Je, mmepata kumwona mhunzi akifua jembe? Chuma kikiingia motoni huwa chekundu, na moto ukizidi huelekea weupe. Globu ya zamani hufanya kazi hiyo hiyo. Ni moto mdogo uliofungiwa katika kioo.

Globu za namna hii ni za siku nyingi. Mwaka 1879 Thomas Edison huko Marekani, na Joseph Swan huko Uingereza, walionyesha globu zao zilizofaa kutumika. Zilikuwa msaada mkubwa kwa watu waliozoea moshi wa mafuta. Lakini zina kasoro moja kubwa. Katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia, sehemu kama 5 tu ndizo zinazogeuka kuwa mwanga. Nyingine zote hugeuka kuwa joto.

Wafugaji wa kuku wanalijua sana jambo hili. Huning'iniza globu ya wati 100 juu ya vifaranga ili wasife kwa baridi. Kwa vifaranga, globu hiyo ni jiko zuri. Lakini wewe uliyeketi chumbani usiku wa joto, hukutaka jiko. Ulitaka mwanga, nawe unalipia vyote viwili.

TAA YA LED

Sasa itazameni globu ya LED. Ndani yake hakuna waya wa kuungua. Herufi hizi tatu, L, E na D, ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ambayo maana yake ni dayodi itoayo mwanga. Dayodi ni kipande kidogo sana, pengine kidogo kuliko punje ya mchele. Kimetengenezwa kwa kitu ambacho hakipitishi umeme vizuri kama shaba, wala hakiuzuii kabisa kama mpira.

Kipande hicho kina pande mbili zilizounganishwa. Umeme ukipita kutoka upande mmoja kwenda wa pili, chembe ndogo ziitwazo elektroni hushuka, kama mtu anayeruka kutoka kidato cha juu cha ngazi mpaka cha chini. Mtu akiruka hivyo, miguu yake hupiga kishindo. Elektroni nayo ikishuka hutoa nguvu, na nguvu hiyo hutoka kama mwanga. Kwa hiyo hapana haja ya kuunguza kitu kwanza ili kipate kung'aa.

Rangi ya mwanga hutegemea urefu wa kidato. Kidato kifupi hutoa mwanga mwekundu, na kirefu hutoa mwanga wa buluu. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alitengeneza LED ya mwanga mwekundu. Ilifaa kwa taa ndogo za kwenye mitambo, lakini nani angependa kusoma kitabu kwa mwanga mwekundu? Ilibidi kupata mwanga wa buluu wenye nguvu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu ya miaka mingi. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walifaulu katika miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kazi hiyo.

Kwa nini buluu? Kwa sababu LED ya buluu ikipakwa dawa ya rangi ya manjano, sehemu ya mwanga wake hugeuka kuwa manjano. Buluu na manjano hayo yakichanganyika, jicho huona mwanga mweupe. Ndiyo taa iliyo mbele yenu.

WATI SI MWANGA

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Zamani tulizoea kusema, "Nipe globu ya wati 60, ya wati 40 ina giza." Tulipima mwanga kwa wati. Lakini wati haipimi mwanga. Wati hupima umeme unaoliwa na taa. Mwanga wenyewe hupimwa kwa kipimo kiitwacho lumeni.

Fikirini ng'ombe wawili zizini. Wati ni majani anayokula ng'ombe; lumeni ni maziwa anayotoa. Mfugaji mwenye akili hachagui ng'ombe kwa wingi wa majani anayokula. Huuliza, "Anatoa maziwa kiasi gani?"

Globu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni kama 800. Globu nzuri ya LED hutoa lumeni hizo hizo 800 kwa wati 9 hivi. Maziwa ni yale yale, lakini ng'ombe mmoja anakula mizigo sita ya majani na zaidi, na mwenzake anakula mmoja.

SHIKENI KALAMU

Haya, tufanye hesabu. Andikeni: yuniti moja ya umeme ni wati 1,000 zikitumika kwa muda wa saa moja.

Tuseme wapo jirani wawili. Jirani wa kwanza ana globu moja ya zamani ya wati 60. Jirani wa pili ana globu moja ya LED ya wati 9. Kila mmoja huwasha taa yake saa 5 kila usiku.

Jirani wa kwanza: 60 mara 5 ni 300. Kwa siku 30, 300 mara 30 ni 9,000. Gawanya kwa 1,000. Ametumia yuniti 9.

Jirani wa pili: 9 mara 5 ni 45. Kwa siku 30, 45 mara 30 ni 1,350. Gawanya kwa 1,000. Ametumia yuniti 1 na theluthi hivi, au kwa usahihi 1.35.

Tuseme yuniti moja ni shilingi 300. Tumechukua bei hii kwa mfano tu. Ninyi wekeni ile mnayolipa. Jirani wa kwanza amelipa shilingi 2,700. Jirani wa pili amelipa shilingi 405. Tofauti ni shilingi 2,295 kwa mwezi mmoja, na kwa globu moja. Mwenye globu nne, je? Zidisheni wenyewe.

Lakini dukani jirani wa kwanza alifurahi. Tuseme alinunua globu yake kwa shilingi 1,000, na mwenzake alitoa shilingi 3,000. Alimcheka mwenzake akisema, "Umepunjwa!" Mwezi haukwisha bila kicheko hicho kugeuka. Ile 2,000 aliyozidisha jirani wa pili ilirudi yote ndani ya mwezi ule wa kwanza. Bei ya dukani hulipwa mara moja, lakini bei ya umeme hulipwa kila siku. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Tena liko jambo la umri. Globu ya zamani kwa kawaida huishi saa 1,000 hivi. Kwa saa 5 kila usiku, hizo ni siku 200. Globu nzuri ya LED huweza kufika saa 15,000, yaani siku 3,000, zaidi ya miaka minane. Kwa muda huo jirani wa kwanza atakuwa amenunua globu 15.

JINSI YA KUSOMA BOKSI

Sasa chukueni boksi mlisome pamoja. Tafuteni mambo haya.

Kwanza, herufi lm. Hiyo ni lumeni, yaani maziwa. Kwa chumba cha kawaida, 800 zinatosha.

Pili, herufi W. Hiyo ni wati, yaani majani. Kama maboksi mawili yana lumeni sawa, chukua lenye wati chache.

Tatu, herufi V. Hiyo ni nguvu ya msukumo wa umeme. Kwa nyumba zetu zenye umeme wa gridi, lazima 230 iwe ndani ya tarakimu zilizoandikwa, kwa mfano 220 mpaka 240.

Nne, tarakimu yenye herufi K. Hiyo ni rangi ya mwanga. 2,700 au 3,000 ni mwanga wa manjano kidogo, unaofaa kupumzikia. 6,500 ni mweupe mkali kama wa mchana.

Tano, mguu wa globu. B22 ni mguu wa pini mbili unaobonyezwa na kugeuzwa kidogo. E27 ni mguu wa kuzungusha kama skrubu. Ukikosea hapa, globu haitaingia.

Sita, alama ya ubora. Tanzania tafuteni alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Kenya tafuteni alama ya KEBS.

Ukimaliza kusoma, mwambie mwenye duka aijaribu globu mbele yako, kisha omba risiti na uitunze. Sisemi kwamba kila LED ni nzuri. Zipo za hovyo zinazokufa kwa wiki chache, hasa umeme unapopanda na kushuka. Yule mwenye risiti ana la kusema. Asiye nayo atarudi nyumbani na manung'uniko yake.

MAMBO YA KUANGALIA

LED nayo hupata joto kidogo penye shingo yake. Usiifungie katika taa isiyopitisha hewa, maana itakufa mapema. Wala usiiweke kwa vifaranga ukidhani itawapa joto, utawaua. Kabla ya kubadilisha globu yo yote, zima swichi, ngoja ipoe, na mikono iwe mikavu.

Wengine watauliza juu ya zile taa za tyubu, na globu zenye mirija iliyojipinda. Hizo hutumia umeme kidogo kuliko globu za waya, lakini ndani yake mna zebaki kidogo, nayo ni sumu. Ikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto nje, na usishike vipande kwa mikono mitupu. LED haina zebaki.

Na wewe usiye na umeme wa gridi, somo hili ni lako pia. Kwa kuwa LED hula kidogo, kibao kidogo cha jua na betri yake vinatosha kuangaza chumba. LED ya wati 1 tu hushinda mwanga wa kibatari mara nyingi, bila moshi wa kuumiza macho na kifua cha mtoto anayesoma, na bila hatari ya kibatari kuanguka na kuunguza nyumba.

Basi, ndugu zangu, usiku wa leo hesabuni globu za nyumbani kwenu. Anzeni kubadilisha ile inayowaka muda mrefu kuliko zote. Si lazima zote kwa siku moja. Akiba ya globu ya kwanza itanunua ya pili.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini globu ya waya hupata joto kali?
2. Lipi ni kipimo cha mwanga, wati au lumeni?
3. Nyumba ina globu 2 za zamani za wati 100. Huwaka saa 4 kila usiku. Kwa siku 30 hutumia yuniti ngapi? Zikiwekwa LED za wati 14, zitatumika yuniti ngapi?
4. Zungumzeni: katika mtaa wenu, watu hununua globu kwa kutazama nini?

Jibu la swali la 3: yuniti 24, kwa LED ni 3.36. Kama mmekosea, rudieni polepole.

Kwaherini, ndugu wanakisomo, mpaka somo lijalo.