KUHIFADHI PICHA ZA KIDIJITALI KATIKA SAFARI ZA UTAFITI

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha au wa historia atokaye Lubumbashi kwenda Kasongo, Kalemie au Moba hurudi na mavuno ya namna mbili: yale aliyoyaandika daftarini na yale aliyoyapiga picha. Siku hizi fungu la pili ndilo kubwa zaidi. Mwenye barua ya babu yake, au mlinzi wa daftari za parokia, mara nyingi hakubali karatasi itoke mikononi mwake. Hukubali tu ipigwe picha. Tena mchwa na mvua havimngojei mtafiti arudi mara ya pili. Kwa hiyo yawezekana picha ikabaki kuwa ushahidi pekee. Makala haya yanaeleza namna ya kuilinda njiani, maana ndiko inakokuwa bado katika nakala moja tu.

2. Sababu za kupotea

Picha hupotea kwa sababu tatu: chombo huibiwa au huachwa mahali, chombo huharibika, au mtu mwenyewe hufuta asichokusudia. Kila sababu ina kinga yake.

Kuhusu uharibifu, diski za nje ni za aina mbili. Ya kwanza ina sahani zinazozunguka, na kichwa cha kusomea huelea karibu mno na sahani hizo. Ikifanya kazi ndani ya gari linalorukaruka katika barabara mbovu, kichwa chaweza kuzigusa na kuzikwaruza. Aina ya pili, iitwayo SSD, haina kiungo kinachosogea, nayo huvumilia mitikisiko vizuri zaidi. Lakini hutunza habari kwa chaji ya umeme ambayo hupungua polepole chombo kikikaa muda mrefu bila kuwashwa. Basi SSD yafaa kwa safari, lakini haifai kuachwa kabatini kwa miaka mingi kama ghala la pekee.

3. Kanuni ya tatu, mbili, moja

Kanuni hii ilienezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, moja ikiwa mahali pengine. Safarini yaweza kutekelezwa hivi. Nakala ya kwanza ni kadi ya kamera yenyewe, isiyofutwa mpaka mwisho wa safari. Ya pili ni diski anayoibeba mtafiti mwilini. Ya tatu ni diski nyingine iliyo katika mzigo wa mwenzake. Diski mbili zikiwa katika mfuko mmoja, mwizi mmoja atazichukua zote. Palipo na mtandao, picha chache zilizo muhimu kuliko zote zitumwe kwa intaneti.

Hapana budi kutofautisha kunakili na kuhamisha. Anayehamisha faili huiondoa ilikotoka, naye hubaki na nakala moja kama mwanzo. Kadhalika, programu zinazofananisha folda mbili zaweza kupeleka kosa la kufuta kutoka diski moja hadi nyingine.

4. Kuthibitisha nakala

Kuliona jina la faili katika diski si uthibitisho kwamba picha imefika nzima. Njia thabiti ni hesabu ya uthibitisho. Kwa mfano, SHA-256, iliyotangazwa mwaka 2001, husoma faili yote na kutoa alama 64. Hata biti moja ikibadilika, alama hizo hutofautiana kabisa. Programu ya sha256sum katika Linux na ya certutil katika Windows hufanya kazi hiyo bila malipo. Asiye nazo achomoe diski, aichomeke tena, alinganishe idadi na ukubwa wa faili, kisha afungue picha kadhaa na kuzikuza mpaka maandishi yasomeke.

5. Muda na umeme

Kadi ya gigabaiti 64 hubeba takriban picha ghafi 2,500 za megabaiti 25 kila moja. Kwa kasi ya megabaiti 30 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwa USB 2.0, kuinakili yote huchukua zaidi ya dakika 30, na diski ya pili huhitaji muda kama huo tena. Mahali ambapo umeme huja kwa saa chache, ni afadhali kunakili kila jioni kuliko kungoja mwisho wa juma. Umeme ukikatika au kadi ikichomolewa wakati wa kuandika, orodha ya faili yaweza kuvurugika. Kwa hiyo betri ijazwe kwanza, kazi ifuate. Simu nyingi za leo huweza kuunganishwa na kadi pamoja na diski, zikatumia umeme mdogo kuliko kompyuta.

6. Hitimisho

Picha iliyookoka bila maelezo ni nusu ya hati. Namba ya faili iandikwe daftarini pamoja na mahali, tarehe na jina la mwenye karatasi, na ukurasa huo wa daftari nao upigwe picha. Diski ifungwe kwa nywila, kwani barua za watu zina siri zao. Mwishoni, nakala moja irudishwe kwa familia iliyofungua sanduku lake. Ni haki yao. Tena, siku hati yenyewe itakapooza na diski zote kuharibika, huenda nakala hiyo ndiyo itakayosomwa.