Fahamu: Printa ipi inafaa kuchapa picha nyumbani?

Kabla ya kuuliza bei ya printa, uliza bei ya wino wake. Printa nyingi za nyumbani zina rangi 4: nyeusi, samawati, waridi iliyokolea na njano. Kwa barua na fomu zinatosha kabisa. Kwa picha, tafuta yenye rangi 6, kama Epson L8050, inayoongeza samawati hafifu na waridi hafifu. Hapo ndipo shavu la mtoto au anga la jioni hutoka laini, bila vidoa vya wino. Matangi ya wino ya L8050 hujazwa kwa chupa, nafuu kuliko katriji. Usiibanie karatasi: ile ya kawaida hunywa wino, picha ikapauka. Na usiiache printa ikae miezi bila kuchapa. Wino hukaukia kwenye matundu ya kichwa cha printa.