Je, Wajua? Duka la Kiganjani

Je, wajua kwamba WhatsApp ilianza na status kabla ya kuchati? Mwaka 2009 Jan Koum alitaka programu ya kuonyesha hali ya mtu pembeni ya jina lake: yuko kazini, simu inakaribia kuzima. Meseji zilifuata baadaye. Status ya picha inayofutika baada ya saa 24 iliingia Februari 2017, na ndiyo leo inayotangaza viatu, mafuta ya nazi, vitenge na viwanja vya Kigamboni.

Je, wajua kwa nini kila muuzaji anakuomba "save namba yangu"? Hakuombi kwa mapenzi. Kwa kawaida status yako huonwa na mtu uliyemhifadhi, naye akawa amekuhifadhi wewe. Upande mmoja ukikosekana, tangazo halifiki. Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi nayo ina sharti hilohilo: inabeba watu 256, lakini asiye na namba yako kwenye simu hapati kitu. Kwa hiyo mwenye namba 3,000 alizookota kwenye magrupu anaweza kuonwa na watu arobaini, wakati mama wa ubuyu aliyehifadhiwa na wateja 200 anaonwa na karibu wote. Ukimhudumia mteja dukani, mwombe aihifadhi namba palepale, huku unamfungia mzigo. Akishafika nyumbani amesahau.

Je, wajua kwamba kuzima tiki za bluu kunakupofusha? Wengi huzizima kwa kuwakimbia wadai. Sawa, lakini ukizizima huoni tena nani ameangalia status yako. Na ile orodha chini ya alama ya jicho ni mali: mtu anayefungua kila unapoweka picha ya gauni lilelile wiki hii anasubiri mshahara tu. Deni umelikimbia, mteja naye umemkimbia.

Je, wajua kwamba WhatsApp Business ilitoka Januari 2018, ni bure, na katalogi yake inabeba bidhaa hadi 500? Ina pia majibu ya haraka: unaandika "Tupo Kariakoo, mikoani tunatuma" mara moja, kisha unaliita jibu lote kwa neno fupi. Bado kuna watu wanaoichapa sentensi hiyo mara sitini kwa siku.

Je, wajua kwamba sehemu ya jina kwenye Instagram hutumika katika utafutaji? Mtu anayetafuta "viatu vya kike Dar" hakujui wewe wala jina la mwanao uliloliita duka. Ukiandika "Viatu vya Kike Dar" kwenye nafasi hiyo, unaweza kuonekana. Jina la mtoto liache kwenye nembo.

Na "bei njoo inbox"? Hapa naomba niseme la moyoni. Niliwahi kuuliza bei ya jiko la gesi Jumatatu asubuhi. Jumatano jioni nikajibiwa: "Habari mpendwa, unahitaji?" Nilikuwa nimeshanunua kwingine na ugali umeshapikwa. Wanaotetea mtindo huu husema wanamficha mshindani bei. Mshindani anajifanya mteja, anaulizia na kuambiwa ndani ya dakika mbili. Anayekwama ni yule mwenye haya, aliyeona uzito kuuliza akadhani kitu ni ghali.

Je, wajua kwamba tangazo la kulipia kwenye Facebook na Instagram ni mnada? Kila nafasi inapopatikana kwenye simu ya mtu, matangazo yanashindanishwa papo hapo. Ila si mnada wa mwenye pesa nyingi kuondoka na mzigo. Mfumo hupima dau lako, uwezekano wa mtu huyo kuchukua hatua, na ubora wa tangazo lenyewe. Picha safi ya sambusa zinazotoa moshi inaweza kulishinda bango la mwenye dau kubwa lililojaa maandishi mekundu. Kabla ya kuongeza pesa, badilisha picha: toa bidhaa nje saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, tandika khanga isiyo na maua mengi, futa vumbi kwenye soli. Flashi ya simu iache.

Khanga yenyewe, kwa taarifa yako, ilitangulia mambo haya yote. Je, wajua kwamba karne ya 19 ilipokuwa inaisha, Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana pia kama Abdulla, alianza biashara ya khanga, na kwamba alama yake "Mali ya Abdulla" huchapwa kwenye kitambaa chenyewe? Kila mwanamke aliyejifunga khanga hiyo alilitembeza tangazo sokoni, harusini na msibani, bila bando.

Je, wajua kwamba Kili Paul na dada yake Neema, Wamasai wa mkoa wa Pwani, walitajwa na Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, kwenye kipindi chake cha redio Februari 2022? Walifuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo mbele ya simu, wakiwa na mashuka yao na nyasi za nyumbani nyuma yao. Studio hawakuwa nayo.

Je, wajua kwamba picha ya mteja wako inaweza kukugharimu? Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwenye saluni, uliza kwanza: "Dada, nikuposti?"

Je, wajua kwamba Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii Julai 2018? Kodi hiyo ilikoma mwaka 2021, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando. Januari mwaka huohuo, kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa nchini humo, na wauzaji wengi wakajifunza kuifikia kwa VPN.

Na je, wakumbuka Jumatatu ya Oktoba 4, 2021? Ilipofika kama saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, WhatsApp, Instagram na Facebook zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Hawakuwa wadukuzi. Ilikuwa amri iliyokosewa wakati wa matengenezo ya kawaida. Dada ninayenunua kwake vitenge alikuwa na mzigo mpya umeshuka siku hiyo. Alitoa daftari la kava gumu lenye namba za wateja wake, akaanza kutuma SMS mmoja mmoja. Yangu ilisema: "Ile ya kijani imekuja, nakuwekea?"