Namba 444 haikufundishi Kigiriki

Wanafunzi wa theolojia huniuliza, wachungaji nao huniuliza: "Mwalimu, kwa nini tukariri maumbo ya maneno, wakati simu inatupa maana ya kila neno la Kigiriki?" Wanategemea Biblia yenye Kigiriki juu na tafsiri ya neno kwa neno chini, pamoja na namba za itifaki, yaani faharasa ya maneno ya Biblia, aliyoichapisha Mmarekani James Strong mwaka 1890. Gusa neno, namba inafunguka. Gusa namba, maana inatoka. Kisha mtu anapanda mimbarini na kutangaza, "Kigiriki kinasema hivi."

Hakijasema. Chukua sentensi mbili: *ho kyon ton anthropon daknei*, na *ton kyna ho anthropos daknei*. *Kyon* na *kyna* ni mbwa, *anthropos* na *anthropon* ni mtu, *daknei* ni anauma. Chini ya zote mbili utasoma maneno yaleyale: mbwa, mtu, anauma. Kumbe katika ya kwanza mbwa ndiye anayeuma, na katika ya pili anayeuma ni mtu! Habari yote imo katika *ho* na *ton*, ambayo ni maumbo ya kibainishi kimoja, na katika miisho ya maneno, na hiyo ndiyo habari ambayo namba haionyeshi, kwa sababu Strong alilipa namba neno la kamusi, si umbo lake katika sentensi. *Anthropos* ni 444. *Anthropon* ni 444 hiyohiyo. Itifaki ni chombo cha kutafutia mistari, na kwa kazi hiyo ni bora sana. Lugha haimo humo.

Naambiwa kwamba programu za sasa huonyesha pia kama neno ni kiima au yambwa. Sawa, lakini asiyejua maumbo hufungua neno mojamoja, na akifika la kumi, la kwanza limeshamtoka. Huko si kusoma.

Kinachoniuma ni mtaji wa Kiswahili chetu tunaouacha nje ya darasa. Vitabu vilivyoandikwa kwa Waingereza huhangaika kueleza jinsi *hesteka*, kitenzi cha hali timilifu, kinavyotaja mtu aliye wima sasa hivi. Sisi tunasema "nimesimama", tumemaliza. Upatanisho wa nomino na kivumishi? Anayesema "kiti kizuri kimevunjika" ameuzoea tangu utotoni.

Basi, anza hivi. Herufi ni 24. Zimalize wiki ya kwanza. Chagua matamshi ya mwanazuoni Erasmus au ya Ugiriki ya leo, usichanganye. Kariri maumbo yote ya *ho* kabla ya kitu kingine. Soma kwa sauti, robo saa kila siku, si saa nne za Jumamosi. Unayetaka Agano Jipya tu, chukua kitabu cha sarufi cha Mounce, kisha Injili ya Yohana, yenye msamiati mdogo. Unayetaka Kigiriki cha Athens ya kale, chukua kitabu cha kiada kiitwacho Athenaze, kisha hotuba ya kwanza ya Lysias, ambamo mume anajitetea mahakamani kwa kumuua mgoni wake.