Bidhaa Ikishauzwa Hurudishwa

Swali ni lile lile, tena huja na jibu lake: "Wakili, naona risiti inasema bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, sasa si basi tena?" Si basi. Maneno hayo aliyapeleka muuza simu wa Luthuli Avenue, Nairobi, kwa mpiga chapa, na mpiga chapa si Bunge.

Bunge lilisema vingine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kiliagiza itungwe sheria ya matangazo ya haki, ukweli na staha, ikatungwa Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Kifungu chake cha 12 kinazitaja hila za Moi Avenue moja baada ya nyingine: kuuza kilichokarabatiwa kwa jina la kipya, kukisifia kwa ubora kisicho nao, kudai bei imeshuka ilhali iko pale pale. (Sehemu kubwa ya sheria hii iliigwa kutoka Ontario, Canada. Inaelekea walaghai wa huko ni ndugu wa hawa wetu.)

Chukua simu "mpya kabisa". Boksi limefungwa nailoni, limenyooka, lakini ukiingia kwenye mipangilio unakuta nguvu ya betri imebaki asilimia 81 na skrubu za chini zina mikwaruzo ya bisibisi. Umeuziwa kuukuu. Mkataba huo una ruhusa ya kuuvunja ndani ya mwaka mmoja, urudishe simu na urudishiwe pesa, hata kama ulitia sahihi chini ya onyo la risiti, kwa kuwa haki hizi hazifutwi kwa makubaliano. Na viapo alivyokulia muuzaji kwa mdomo, mahakama itavisikiliza ingawa havimo kwenye karatasi.

Ila usiniletee sofa la Ngong Road kwa sababu rangi yake haikupendeza ulipolifikisha Kawangware. Kujuta si kudanganywa.

Aliyedanganywa kweli asikae. Hifadhi picha ya tangazo na ujumbe wa M-Pesa. Mwandikie muuzaji, hata kwa WhatsApp, kwamba umevunja mkataba na sababu ni hii. Akikaidi, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani nayo inakataza matangazo ya uongo, au nenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani: madai yasizidi shilingi milioni 1, uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Wakili si lazima, nikiwemo mimi.