Seli, Moduli na Betri

Neno betri hutumika kutaja kile kidogo cha tochi na kile kikubwa cha gari. Katika mazungumzo hakuna madhara. Katika mwongozo wa fundi wa magari ya umeme, hatari ipo. Betri ya Nissan Leaf ya mwaka 2010 ilikuwa na seli 192, nne nne katika kila moduli. Seli moja hutoa volti zipatazo 3.75, jozi 96 zilizounganishwa kwa mfuatano hutoa volti 360, ziwezazo kuua. Kwa hiyo twapendekeza: seli iwe kipande kimoja, moduli, seli kadhaa zilizofungwa pamoja, betri, mkusanyiko mzima ndani ya kasha lake. Mfasiri akiandika seli mahali pa betri, fundi aweza kushika volti 360 akidhani ni 3.75.