Maoni ya wakili si dhamana: hati fungani za vinu vya nyuklia Washington

Mwezi Julai 1983 shirika la umeme katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, lilikiri kwamba haliwezi kulipa hati fungani zenye thamani ya dola bilioni 2.25. Hadi siku hiyo hapakuwa na mkopo wa shirika la umma la ngazi ya jimbo au mji nchini humo uliowahi kuanguka kwa kiasi kikubwa namna hiyo. Miongoni mwa walioachwa na karatasi mikononi walikuwamo maelfu ya watu binafsi, wastaafu wakiwamo, ambao walinunua kwa sababu hati hizo zilikuwa na riba nzuri isiyotozwa kodi ya serikali kuu, na zilibeba sahihi ya mawakili.

Shirika lenyewe liliitwa Washington Public Power Supply System. Wafanyabiashara wa mitaji walifupisha herufi zake wakalibandika jina la "Whoops", yaani ile sauti anayoitoa Mwingereza anapojikwaa.

Mpango ulikuwa kujenga vinu vitano. Vitatu vya kwanza vilikuwa nyuma ya mgongo wa Bonneville, mamlaka ya umeme ya serikali kuu katika eneo hilo, ambayo kwa utaratibu wa mikataba ilibeba gharama zake. Mwaka 1976 Bonneville iliwaonya wateja wake kwamba miaka michache mbele haitaweza kukidhi mahitaji yao yote ya umeme. Hapo mashirika 88 ya umeme, ya miji, ya wilaya na ya vyama vya ushirika, yakatia sahihi kugharimia kinu cha nne na cha tano. Bonneville haikuwamo katika mkataba huo. Kampuni za kupima ubora wa mikopo zilizipa hati za vinu vitatu daraja la juu kabisa, la AAA, na zile za kinu cha nne na cha tano daraja la A1 na A+, ambalo bado ni zuri. Mkopaji alikuwa mmoja, jina moja, na kwa mnunuzi asiye makini ilikuwa rahisi kudhani kuwa dhamana nayo ni moja.

Kilichosimama badala ya Bonneville ni ahadi ya wale 88: upokee umeme usipokee, utalipa. Hata kama kinu hakitakamilika, deni litalipwa kwa kupandisha bei kwa watumiaji. Msomaji wa Dar es Salaam anaifahamu sura ya mkataba wa namna hii kutokana na IPTL, ambako TANESCO mwaka 1995 ilikubali kulipia uwezo wa mtambo wa Tegeta, iwe imechukua umeme au la, na mzozo juu ya kiasi cha malipo ukaishia mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa.

Mambo yakaenda mrama. Mwaka 1981 makadirio ya gharama za vinu vyote vitano yalikaribia dola bilioni 24. Sehemu ya sababu ilikuwa uongozi mbovu na migomo, sehemu riba kubwa ya miaka ile, na sehemu ni Tume ya Kudhibiti Nyuklia, ambayo baada ya ajali ya Three Mile Island mwezi Machi 1979 ilikaza masharti, michoro ikabadilishwa huku ujenzi ukiendelea. Wakati huo huo mahitaji ya umeme hayakukua kama ilivyotabiriwa. Januari 1982 kinu cha nne na cha tano vilisimamishwa moja kwa moja.

Hapo ndipo mawakili walipoingia kwa nguvu, na hapo ndipo mwekezaji mdogo anapaswa kutazama kwa makini. Mashirika yaliyotia sahihi yalifika mahakamani kupinga mkataba wao wenyewe. Hoja yao ilikuwa kwamba sheria iliwaruhusu kununua umeme, na iliwaruhusu kujenga au kumiliki mitambo, lakini katika mkataba huu hawakununua umeme wowote wa hakika na wala hawakuwa na umiliki. Walikuwa wamejifunga kulipia kitu ambacho huenda kisiwepo. Juni 1983 Mahakama Kuu ya jimbo ilikubaliana na hoja hiyo kwa upande wa mashirika ya umma ya Washington: hawakuwa na mamlaka ya kutoa ahadi ile, kwa hiyo haikuwafunga. Ahadi iliyokuwa ndiyo nguzo ya hati fungani ikaondoka, na mwezi uliofuata malipo yakafa.

Mnunuzi angeuliza: si mawakili walisema mikataba ni halali? Walisema. Lakini maoni ya kisheria yanayochapishwa katika waraka wa matarajio hutolewa na wakili aliyechaguliwa na mkopaji, na ujira wake hutoka katika fedha za mauzo hayo hayo. Huandika anachoamini mahakama itasema. Mahakama ikisema vingine, yeye hailipi hati. Benki zilizozinadi hati zilikuwa na mawakili wao, mashirika 88 yalikuwa na wao, na hata katika vikao vya leseni mbele ya Tume hukaa wakili wa mwenye kinu, wa watumishi wa Tume na wa wananchi wanaopinga. Mwenye hati ya dola 5,000 hana kiti. Chemical Bank ya New York, iliyokuwa msimamizi wa maslahi ya wenye hati, ndiyo iliyowasimamia mahakamani, lakini hiyo ilikuwa baada ya fedha kwisha kutumika.

Kulikuwa na njia ya kupima ahadi hiyo mapema. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani mkopaji anaweza kupeleka suala mahakamani kabla ya kuuza, ili uamuzi wa uhalali utoke hati zikiwa bado hazijanunuliwa. Huchelewesha mauzo, na wauzaji hawapendi kuchelewa.

Wenye hati walifungua mashtaka ya udanganyifu dhidi ya benki zilizouza, mashirika, mawakili na wengineo. Kesi iliishia kwa mapatano ya dola milioni 753, yaliyofikiwa zaidi baada ya kesi kuanza kusikilizwa mwaka 1988. Hiyo ni theluthi moja tu ya mkopo wenyewe, kabla ya kutoa ada za mawakili, na bila kuhesabu riba ya miaka yote ya kungoja. Hati za vinu vitatu vya kwanza, ambazo Bonneville ilisimama nyuma yake, ziliendelea kulipwa, ingawa katika vinu hivyo ni cha pili pekee kilichokamilika, kikaanza kazi mwaka 1984.

Kamisheni ya masoko ya mitaji ya Marekani ilichunguza, na mwaka 1989 ikaweka kanuni inayowataka wauzaji wa hati za aina hii kuupata na kuupitia waraka wa matarajio kabla ya kuzinunua kutoka kwa mkopaji.

Kenya na Uganda zimekwisha tangaza nia ya kujenga vinu vya nyuklia. Zikija hati fungani za kuvigharimia, swali la kwanza kwa mnunuzi ni lile lililokosewa Washington: anayeahidi kulipa, sheria inamruhusu kuahidi? Jibu hutafutwa katika sheria iliyomuunda, na ukurasa wa waraka unaotaja hatari husomwa kabla ya ule wa riba.

Huko Satsop, magharibi mwa jimbo la Washington, minara ya kupozea mvuke ya kinu cha tatu na cha tano ingali imesimama, katikati ya eneo linalokodishwa kwa wenye viwanda na biashara.